Jina la Jackton kwenye Simu ya Naliaka

Simu ya Naliaka ilianza kuwa na joto siku ile ile ilipokubali barua pepe za kampuni, joto kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Aliitia kwenye mkoba akaisahau. Alipofika kwake Kabiria na kumpokea mtoto kutoka kwa mama mkwe wake, mtoto akakataa kunyonya. Aligeuza uso akautazama mkoba ulioning'inia kwenye msumari karibu na mlango, akatulia kabisa, kama anayesikiliza.

"Anaangalia nini huyu?" Naliaka akauliza.

"Labda ameona taa," mama mkwe akasema. Watu wote wa ploti ile walimwita Kukhu, yaani nyanya, kwa lugha ya kwao Bungoma. Lakini jua lilikuwa bado liko juu, na taa hakuna aliyekuwa ameiwasha.

Sasa, mimi sitaki kumsingizia jini kila kitu. Majini na mizimu wana makosa yao, lakini huyu alifunguliwa mlango na mtu mwenye kitambulisho na shati lililopigwa pasi, na mtu huyo ni Dalmas Obuya.

Dalmas alikuwa mtu wa kompyuta katika duka la Virdi Pampu, barabara ya Kirinyaga, wanakouza pampu za maji, mabomba na matangi. Kompyuta hakuisomea. Aliingia pale kama karani, siku moja akaikwamua printa iliyokuwa imemeza karatasi, na tangu hapo akaitwa IT. Jina hilo alilipenda mno. Kwa hiyo Rajinder Virdi, mwenye duka, alipotangaza kwamba amenunua mfumo mpya wa barua pepe na kwamba kabla ya wiki kwisha kila mfanyakazi lazima awe nao kwenye simu yake, Dalmas alijibu mbele ya watu wote, mikono mfukoni, "Hiyo ni kazi ya dakika mbili, boss."

Kumbe mfumo ule ulikuwa na maringo. Kwenye simu za wakubwa uliingia bila shida. Kwenye simu za akina sisi ulikataa katakata, ukaandika kwamba kifaa hiki hakikubaliki. Simu ya Mutiso, dereva wa kupeleka mizigo, ilikataliwa. Ya Naliaka, mpokeaji wageni, ilikataliwa vibaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa nzee na kioo kimepasuka pembeni. Dawa yake ilikuwa nyepesi: Dalmas aende kwa Rajinder aseme, simu hizi haziwezi, hawa wawili watumie kompyuta ya dukani. Sentensi ya pumzi moja. Lakini angeisemaje, na alishasema ni dakika mbili?

Naliaka mwenyewe alimpa nafasi. Alimfuata kwenye kaunta akamwuliza kwa upole, "Dalmas, niambie ukweli. Hii simu yangu itaweza kweli? Kama haiwezi, nimwambie boss mapema."

Palikuwa na wateja. Dalmas aliona wanamtazama, akaona aibu, na aibu yake akaitupia mwenzake. Akaiinua ile simu juu. "Jamani, hii si ya kupeleka museum? Lakini usijali, nitaifufua!"

Watu wakacheka. Naliaka naye akacheka kidogo, kwa adabu, maana simu ile alinunuliwa na mumewe kwa jasho wiki aliyojifungua. Hakuuliza tena, na Dalmas alitaka hivyo hivyo.

Katika mfumo wa zamani kulikuwa na sanduku moja la barua ambalo halikufungwa. Lilikuwa la Mzee Jackton, muuzaji wa dukani humo hadi alipoota mvi, aliyefariki mwaka uliotangulia. Wateja wa Kitale na Kajiado walikuwa bado wanamwandikia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia. Sanduku hilo halikuchagua simu. Basi wakati wa chakula cha mchana, duka likiwa limepoa, Dalmas alizichukua simu za Mutiso na Naliaka akazipitisha kwa mlango wa marehemu. Kila moja ilimwuliza jina la mwenye simu. Aliandika Naliaka, ikakataa. Aliandika Mutiso, ikakataa. Ilikubali jina moja tu.

Hapo kidole chake kilisita. Dalmas ni mtu wa Ugenya, na hilo jina lake la Obuya ni la babu yake, alilopewa baada ya babu kumjia mamake ndotoni na kuomba. Kwao, na kwa jirani zao wa magharibi karibu wote, jina la marehemu halichukuliwi kama jembe lililoegemezwa ukutani kwa jirani. Mwenyewe huja akaomba, wazee wakasikia, ndipo mtu akapewa. Tena huyu Jackton alikufa bila mtoto. Dalmas alikuwapo mazishini pamoja na wenzake wa kazi, na aliona kwa macho yake wazee wakimtilia gunzi la mahindi ndani ya jeneza na kumwambia, huyu ndiye mtoto wako, nenda naye, usirudi kutafuta mwingine. Yote hayo aliyakumbuka akiwa amesimama pale. Kisha akasikia viatu vya Rajinder kwenye ngazi, akabonyeza.

"Dalmas, hii maneno ya email imeisha?"

"Imeisha, boss. Wote wako ndani."

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mutiso. Alikuwa anapeleka tangi Limuru, barabara tupu, jua la asubuhi, simu ikatetemeka kwenye dashibodi, na upande wa abiria mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mzee. Kikafuatwa na harufu ya ile dawa ya menthol ya kupaka kifuani, ambayo Jackton alijipaka kila asubuhi hata kiti chake kikawa hakikaliki na mwingine. Mutiso ni mtu wa mzaha. Alisema, "Karibu, mzee," akageuka acheke. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea.

Kesho yake alimvuta Dalmas nyuma ya matangi. "Hiyo kitu uliweka kwa simu yangu, toa," alinong'ona. "Mimi sitaki kujua ni nini. Toa tu."

"Kwani kumefanyika nini?"

"Nimekuambia sitaki kujua!"

Dalmas aliitoa. Ilitoka vizuri, na Mutiso hakusikia tena kitu. Kwa hiyo msije mkasema Dalmas hakuonywa. Alionywa, akajua, na simu ya Naliaka akaiacha vile vile, kwa sababu Mutiso haulizi maswali lakini Naliaka angeuliza, na boss angeuliza kwa nini Naliaka hapati barua. Alijiambia mwanamke yule hajalalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa anayaficha kwenye mwili wa mwingine.

Kabiria, mtoto alikuwa analia. Alilia mchana, akalia jioni, akalia akibebwa na akilazwa. Zahanati walimpima wakasema ni mzima. Alinyamaza tu pale simu ya mamake ilipowekwa karibu na kichwa chake, na akinyamaza hakulala. Alikuwa anaitazama macho wazi, na vidole vyake vidogo vikienda na kurudi juu ya kioo. Naliaka aliposogea amnyonyeshe, alihisi harufu ya menthol kwenye nywele za mwanawe, akadhani Kukhu amempaka dawa. Kukhu naye alidhani ni Naliaka.

"Huyu halii ugonjwa," Kukhu alisema mwishowe. "Huyu analilia jina."

Kanisani mtoto alikuwa ameshapewa jina la Kikristo, lakini la nyumbani lilikuwa bado. Kwao Kukhu, mtoto akilia namna hiyo, mkubwa wa nyumba humpakata na kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Akitajwa yule aliyemjia, mtoto hunyamaza na kunyonya, mambo yakaisha, watu wakanywa chai. Basi alasiri ya siku hiyo Kukhu alikaa kwenye mkeka, majirani wawili watatu wakasimama mlangoni, naye akaanza. Alimtaja babake. Akamtaja kakake aliyekufa mtoni. Akawataja wajomba, mashangazi, hata yule mlevi ambaye huwa hatajwi. Mtoto alizidisha kilio hadi midomo ikabadilika rangi.

"Basi wewe ni nani?" Kukhu akauliza, amechoka. "Sema mwenyewe!"

Simu iliyokuwa mezani ikawaka. Haikulia, iliwaka tu. Naliaka, kwa mazoea ya mtu anayeangalia kama kazini kuna kitu, aliitupia jicho akasoma kilichoandikwa kwa sauti, bila kufikiri.

"Jackton."

Mtoto akanyamaza papo hapo. Alivuta pumzi ndefu, akakohoa kikohozi kikavu ambacho hakiwezi kutoka kwenye kifua cha mtoto mchanga, kikohozi cha mtu aliyefanya kazi miaka mingi na kuumwa miaka mingi, kisha akamgeukia Naliaka, akamtazama usoni kwa muda, akacheka.

Mlangoni, nyuma ya majirani, alikuwa amesimama Khaemba, mume wa Naliaka, fundi wa kuchomelea mageti. Miwani ya kazi ilikuwa bado kwenye paji la uso.

"Jackton ni nani?" akauliza.

Mnaelewa uzito wa swali hilo? Jina linalomnyamazisha mtoto ni jina la damu yake. Kwao Khaemba hakukuwa na Jackton, kwao Naliaka hakukuwa na Jackton, na majirani walikuwa wamesimama pale na masikio yao. Mtoto alikuwa amemtaja baba.

"Ni mtu wa ofisi," Naliaka alisema polepole. "Alikufa mwaka jana. Mzee tu, Khaemba. Sijui kwa nini jina lake liko kwa simu."

"Mtu wa ofisi," Khaemba akarudia, na kila mtu aliyekuwa mlangoni alimwona akihesabu miezi kichwani.

Asubuhi iliyofuata alikuja dukani. Naliaka hakuwa amekuja kazini, kwa hiyo aliyekuwa kwenye kaunta ni Dalmas. Khaemba alikuwa amevaa koti la kanisani, koti la mtu aliyekuja kwa heshima, na aliongea kwa sauti ya chini.

"Mimi ni bwana ya Naliaka. Sikuji kwa vita. Nataka kuuliza kitu moja tu, kama mwanaume kwa mwanaume. Bibi yangu ananiambia kulikuwa na mzee hapa anaitwa Jackton, akakufa. Ni ukweli?"

Mlango wa ofisi ya Rajinder ulikuwa wazi, hatua chache nyuma ya Dalmas. Kalamu ya Rajinder ilikuwa imeacha kuandika. Ndiyo moja tu ilitosha kumwokoa mwanamke yule. Lakini baada ya ndiyo lingekuja swali, jina la marehemu limefikaje kwenye simu yake? Na baada ya swali hilo angebaki uchi, yeye na dakika zake mbili.

"Hapa hatuna mtu anaitwa Jackton," Dalmas akasema.

"Hata zamani?"

"Mimi sijawahi sikia."

Khaemba aliangalia mikono yake iliyochomwachomwa na cheche. "Asante, ndugu yangu," akasema. "Asante kwa kuniambia wazi." Akampa mkono. Dalmas aliupokea, na shukrani ile ilimwingia kama mwiba, kwa maana angetukanwa ingekuwa afadhali. Khaemba alipotoka, harufu ya menthol ilipanda kutoka chini ya kaunta. Rajinder alitoka ofisini, akanusa, akamtazama Dalmas, akarudi ndani.

Nyumbani kwake Uthiru, mkewe Wangu alimwuliza kwa nini hali. "Kazi tu," alijibu. Binti yao Ivyne, wa chekechea, alimkwea magotini kama kawaida yake ya kila jioni. Dalmas alimkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Jina la Jackton hakulitamka katika nyumba hiyo, wala siku hiyo wala siku nyingine yoyote, kwa sababu mkewe alimwona mtu wa maana, naye hakutaka kuiharibu picha hiyo.

Ijumaa Naliaka alimpigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejificha asisikike.

"Dalmas, ulimwambia Khaemba hakuna Jackton?"

Dalmas aliibeba simu hadi nyuma ya matangi.

"Dalmas, si tulienda matanga pamoja? Ulikaa kando yangu kwa gari. Ulinishikia leso."

"Naliaka, nilikuwa na wateja, sikuelewa vile aliuliza..."

"Mtoto hanyonyi. Amekuwa baridi, Dalmas, baridi kama chuma. Kukhu anasema hilo jina halikuja lenyewe, kuna mtu alilitoa, na huyo mtu lazima aje alirudishe kwa mdomo wake mbele ya watu. Asipokuja, mtoto ataenda na mwenye jina. Jumapili watu wa Khaemba wanakuja kukaa kikao juu yangu." Akazidi kushusha sauti, "Wewe ndiye ulishika simu yangu. Kuna kitu unajua?"

Dalmas alifumba macho. "Sijui kitu. Pole sana, Naliaka. Tutaomba."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ile mwosha na maiti walikuwa mtu mmoja.

Jumamosi adhuhuri, duka lilipofungwa na wenzake kuondoka, alibaki kwa kisingizio cha kusafisha kompyuta. Alikuwa amepata njia ya mwizi: alifute kabisa lile sanduku la Jackton, marehemu asiwe na mahali, na Jumapili pasiwe na la kuulizwa. Jua lilikuwa linaingia madirishani, barabara nje imejaa kelele za makanga wa matatu na mafundi, na bado alipofungua sanduku lile alihisi baridi miguuni. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Nyuma yake, kwenye meza ambayo hakuna aliyekubali kuirithi, kiti kilisogea kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kuanza kazi, na Dalmas hakugeuka, alijiambia ni lori limepita, ni upepo, ni njaa, huku menthol ikimwingia puani na machoni hadi machozi yakaanza kumtoka, na kikohozi kile kikasikika, kwanza mbali, kisha karibu, kisha karibu kabisa na sikio lake, kikohozi cha mtu anayetaka kusema neno na kungoja apewe nafasi, na Dalmas, badala ya kumpa mzee yule hata neno la pole, alikaza meno akabonyeza.

Kukawa kimya. Harufu ikaondoka yote kwa mara moja. Dalmas aliegemea ukuta akacheka kwa nafuu.

Hajamaliza kucheka simu yake ikalia. Ni Naliaka, na safari hii hakunong'ona.

"Simu imezima! Imezima na mtoto anakohoa! Dalmas, anakohoa kama yeye! Anatuangalia mmoja mmoja kama mtu anatujua!"

Ndipo alipofahamu alichofanya. Marehemu alikuwa na mahali pawili. Yeye alikuwa amemfungia pale pa sandukuni, akabakiwa na pale pa mtoto tu.

Jumapili baada ya ibada, kile chumba cha Kabiria kilijaa. Walikuwapo kaka zake Khaemba wawili na mzee wa kanisa. Begi la Naliaka lilikuwa tayari limefungwa, limesimamishwa kando ya mlango, ili kila mtu alione. Yeye alikuwa amekaa chini karibu na mkeka wa Kukhu, hakuwa analia tena. Mtoto alikuwa mapajani mwa Kukhu, rangi yake imekuwa ya majivu, macho wazi. Dalmas alipoinama kuingia mlangoni, macho hayo yalimgeukia, na alijua anatambuliwa.

"Shikamoo, Kukhu. Habari zenu," alisema. "Mimi nafanya kazi na Naliaka. Nilikuja kueleza. Kulikuwa na shida kidogo ya network, majina yakachanganyika kwa system, kwa hivyo..."

Mtoto akakohoa. Kukhu aliushika mguu wake, akausikia baridi, akauvuta ndani ya khanga.

"Network haina mdomo," Kukhu akasema kwa sauti ndogo. "Haiwezi kumpa mtu jina. Ni nani aliyempa?"

"Ilikuwa makosa ya..."

"Mwanangu, anaenda huyu. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Ongeza."

"Ni mimi nililiandika jina la Mzee Jackton kwa simu ya Naliaka. Bila kumwuliza."

"Ongeza. Bado yuko."

Dalmas alipiga magoti, na hakuna aliyemwambia apige. Maneno yalimtoka yakiwa yameshikana, hakuyapanga, alisema kwamba simu haikuwa inaweza na alijua haiwezi, na aliogopa kumwambia boss hajui kazi ambayo alijisifu kuijua, na Naliaka alimwuliza vizuri akamcheka mbele ya wateja ili asimwulize tena, na alijua mzee alikufa bila mtoto kwa sababu aliliona lile gunzi, na Mutiso alimwonya akamtolea Mutiso peke yake, na jana alifuta kila kitu kwa siri ili leo asiwepo wa kumshuku, na huyu bwana hapa, huyu Khaemba, alikuja kwake na koti la kanisani akamwuliza kwa heshima, naye akamwangalia machoni akamwambia hakuna Jackton, hali Jackton alikuwepo, mzee mwema ambaye hakuwahi kumkosea mtu, na Naliaka hakuwahi kusema uwongo hata mmoja.

Jirani mmoja nje alisema, "Woi." Dalmas alitamani ardhi impasukie, akabaki pale pale na uso wake wote ukionekana.

Kukhu alimsogezea mtoto. "Mshike mikono. Sema, jina nililolitoa nalirudisha mkononi mwangu."

"Jina nililolitoa nalirudisha mkononi mwangu."

Viganja vya mtoto vilikuwa vya baridi inayouma. Vikaanza kupata joto, polepole, na joto lilivyopanda kwake ndivyo baridi ilivyomhamia Dalmas, ikapita kwenye viwiko, ikapanda mabegani, ikakaa kifuani. Mtoto akakunja uso. Akalia. Kilikuwa kilio cha mtoto, chembamba, cha njaa na hasira. Naliaka alimnyakua akamweka kifuani, na chumba kizima kikasikia anavyonyonya.

Khaemba aliinuka, akaliendea begi mlangoni, akainama alirudishe ndani.

"Wacha hiyo bag hapo," Naliaka akasema, bila kuinua uso. "Bado sijaamua."

Akaliacha. Kisha Naliaka akamwangalia Dalmas, mara moja tu. "Ulinicheka, nikanyamaza. Nilidhani wewe ndiye unajua."

Hakukaribishwa hata maji, naye hakuyangoja. Kukhu peke yake alimsindikiza hadi kwenye geti.

"Umefanya vizuri kuja," alimwambia. "Lakini jina si takataka, halitupwi njiani. Ulilichukua kwa mkono wako. Utakaa nalo."

Dalmas aliitikia kwa kichwa. Alidhani mama yule anamaanisha aibu, na aibu alikuwa tayari kukaa nayo. Alitembea kwa miguu, akivuka Kawangware katikati ya watu wanaotoka makanisani na nguo zao nzuri, na njiani aliamua kwamba leo atamweleza Wangu kila kitu, kuanzia dakika mbili hadi koti la Khaemba. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alitamani kufika nyumbani.

Alifika Uthiru jua likizama. Akabisha. Akamsikia Ivyne akikimbia, kama anavyokimbia siku zote kumpokea, na mlango ukafunguliwa. Lakini mtoto hakumrukia. Alisimama akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani, kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa kupokea watu.

Kisha akatabasamu, akamshika mkono.

"Mama," akaita, "Jackton amekuja."

Kutoka jikoni, juu ya sauti ya mafuta yanayochemka, Wangu akajibu bila mshangao wowote.

"Mwambie akae kidogo. Baba yako bado hajarudi."